Leza ya aina gani? Kujibu madai ya meno yanayozunguka Kericho

Madai haya nimeyaokota sehemu mbalimbali: kwenye kipeperushi kilichobandikwa nguzo ya stima karibu na steji, kwenye ujumbe uliosambazwa katika kundi la chama, na kinywani mwa watu wanaoapa kwamba jamaa yao wa Nairobi "alipigwa leza" akapona kila kitu. Mwezi wa Oktoba, bonasi ya chai inapoingia, husikika zaidi. Bonasi ya mkulima wa Kericho au Bomet kwa miaka mingi imekuwa ndogo kuliko ya mwenzake wa mashariki ya Bonde la Ufa, kwa hiyo akiamua kuitumia kwa meno ana haki ya kujua ananunua nini.

Karibu madai yote haya huanguka kwa swali moja: leza ya aina gani? Kila leza hutoa mwanga wa urefu wake wa wimbi, na kila urefu una kitu chake unachokishika. Leza ya erbiamu, yenye wimbi la nanomita 2,940, hunyonywa na maji, na kwa sababu jino lina maji ndani yake, inaweza kulichimba. Leza ya diodi, kati ya nanomita 810 na 980 hivi, hunyonywa na damu na rangi ya melanini. Hiyo ni ya nyama laini: hukata ufizi vizuri, lakini jino hailichimbi. Leza ya kaboni dioksidi inayotumika zaidi, ya nanomita 10,600, nayo ni ya kukata nyama laini. Bei za leza hizi hutofautiana sana. Diodi huanzia dola elfu chache, ilhali mashine ya erbiamu ni makumi ya maelfu ya dola. Kliniki ndogo ikikuambia ina leza, dau la busara ni kwamba ina diodi.

"Leza imeistaafisha drili"

Hili ndilo dai kubwa, na halikuanza jana. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza Mei 1960 huko California, akitumia yakuti. Mwaka 1965 daktari wa ngozi wa Cincinnati, Leon Goldman, aliielekeza leza ya yakuti kwenye jino la ndugu yake Bernard, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa meno. Bernard hakusikia maumivu, na jino likabaki na jeraha la juujuu tu. Habari ya aina hiyo ingetosha kuuza mashine mpaka leo. Lakini mwaka uleule watafiti wawili, Zach na Cohen, walionyesha kwa majaribio ya nyani kwamba joto la kiini cha jino likipanda kwa nyuzi 5.5 za selsiasi tu, baadhi ya viini hufa. Yakuti ilikuwa inayeyusha enameli. Jino lililo hai lisingestahimili joto lile. Ndiyo maana FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu leza ya fizi mwaka 1990, na ya kuchimba jino lenyewe ikasubiri hadi 1997, erbiamu ilipoidhinishwa.

Erbiamu haichomi jino ili kulitoboa. Mwanga wake huyageuza maji yaliyomo ndani ya enameli na dentini kuwa mvuke kwa ghafla, mvuke ule hulipuka, na chembe ya jino hubanduka. Wakati huohuo mashine hupuliza maji ili jino lisipate joto. Ukiwa kitini husikii ule mlio mwembamba wa drili unaopasua kichwa. Unasikia vishindo vidogo vya haraka, kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa, huku mpira wa kufyonza ukihangaika na maji yaliyojaa mdomoni. Sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko iliyo nzima, kwa hiyo leza huila mapema zaidi. Hiyo ni faida ya kweli.

Sasa mipaka yake. Kizibo cha zamani cha amalgamu, kile cha rangi ya fedha ambacho watu wengi walizibwa nacho, hakitolewi kwa leza. Kulichonga jino ili livishwe taji bado ni kazi ya drili. Na hata kwenye tundu la kawaida leza hukawia, kwa sababu drili ya kisasa huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na kasi hiyo ni vigumu kuishinda. Mwaka 2016 wakaguzi wa Cochrane walikusanya majaribio 9 yenye washiriki 662, wakalinganisha leza na drili katika kuondoa uozo. Hawakupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba moja ni bora kuliko nyingine, wala kwamba vizibo vya leza hudumu zaidi. Hata daktari mwenye erbiamu ya bei kubwa kuliko zote bado anaihitaji drili chumbani mwake.

"Hakuna sindano, hakuna maumivu"

Nusu ya hili ni kweli, na tuipe haki yake. Ukaguzi uleule wa 2016 ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa leza walihitaji ganzi mara chache zaidi. Kwa mtoto anayeogopa sindano na mwenye tundu dogo, hilo si jambo dogo.

Tatizo ni aina ya jino linalofika kwa daktari. Wengi wetu humtembelea daktari wa meno baada ya kukesha usiku mbili tatu, shavu limevimba na dawa za kutuliza maumivu zimeisha dukani kwa jirani. Uozo umeshaingia kwenye kiini. Hapo zimebaki njia mbili, kusafisha na kuziba mzizi au kung'oa, na zote mbili zinataka ganzi. Leza haing'oi jino. Isitoshe, kwenye jipu lenye usaha hata sindano ya ganzi hufanya kazi kwa taabu, kwa sababu asidi ya uvimbe huidhoofisha dawa. Anayeahidi kutibu jino la namna hiyo kwa mwanga, bila sindano, hajalitazama.

"Leza ndiyo pekee inayotoa madoa ya chai"

Katika nchi ya chai dai hili lina wateja wa uhakika. Simama mbele ya kioo, inua ulimi, utazame upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini. Huko, karibu na ufizi, mara nyingi utaona mstari wa kahawia au mweusi. Pitisha ncha ya ulimi: ni mgumu na unakwaruza. Huo ni ukoga uliogeuka kuwa kama jiwe, na umeanzia pale kwa sababu tezi za mate zilizo chini ya ulimi hutoa mate yenye madini mahali hapohapo. Tanini za chai huja baadaye na kuupaka rangi. Doa hilo liko juu ya jino wala halikuingia ndani, na huondolewa kwa kusafishwa na kung'arishwa, kazi ya kawaida ambayo daktari au afisa wa afya ya kinywa huifanya kwa kifaa cha mkono au cha mtetemo. Kulitoa kwa leza ni kulipa zaidi kwa kazi ileile.

Kuna doa jingine ambalo halitoki kwa kusafisha, lile la floridi. Jino lililokua huku mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi hutoka likiwa na mabaka meupe kama chaki, au ya kahawia, ndani ya enameli yenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji, na sehemu za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, Naivasha na Elementaita, zina visima vinavyovuka kikomo hicho. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta dalili za floridi kwa asilimia 41.4 ya watoto waliochunguzwa. Mchai nao hunyonya floridi kutoka udongoni na kuilimbikiza kwenye majani yaliyokomaa. Majani mawili na chipukizi, yale yanayochumwa, huwa na kidogo kuliko jani kuukuu. Kwa mabaka ya namna hii daktari ana njia kadhaa, ikiwemo kukwangua safu nyembamba ya juu kwa asidi hafifu au kuyafunika kwa kizibo cha rangi ya jino. Mwanga peke yake hauyafuti.

Basi hiyo "leza ya kung'arisha" ni nini? Mara nyingi si leza hata kidogo. Ni taa ya bluu ya LED. Kinachoyafanya meno yawe meupe ni jeli inayopakwa kabla taa haijawashwa, yenye peroksaidi ya haidrojeni au dawa inayoizalisha. Majaribio mengi yaliyoilinganisha jeli peke yake na jeli pamoja na mwanga yameona tofauti ndogo au hakuna kabisa baada ya siku chache. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 ya peroksaidi itolewe kupitia daktari wa meno, na isitumiwe kwa walio chini ya miaka 18. Sheria hiyo inahusu dawa; taa haikutajwa. Swali la kuuliza unapokalishwa kitini, basi, ni jeli ina nguvu kiasi gani na anayeipaka ni nani, kwa sababu ndiyo inayoweza kuunguza ufizi na kuyaacha meno yakisisimka kwa maji baridi. Na kuhusu weupe wa kudumu milele, vikombe vitatu vya chai ya maziwa kwa siku vitatoa jibu.

"Fizi nyeusi ni ugonjwa, na leza huziponya"

Hapa nakiri sina subira. Hili hutangazwa kwa picha mbili, "kabla" na "baada", fizi za kahawia upande mmoja na za waridi upande wa pili, kana kwamba mtu ametolewa kwenye hatari.

Rangi nyeusi au ya kahawia ya ufizi, inapokuwa sawa pande zote na imekuwepo tangu ujana, ni melanini, ileile ya ngozi. Haina usaha, haina harufu wala haiozeshi jino. Kote barani watu wamezaliwa nayo, na wengine wameitafuta kwa makusudi: Ethiopia na Eritrea kuna wanawake waliochanjwa fizi kwa sindano na masizi ili ziwe nyeusi zaidi, kwa sababu jino jeupe juu ya ufizi mweusi lilihesabiwa kuwa urembo. Leza ya diodi huiondoa rangi hiyo kwa urahisi, kwa kuwa melanini ndiyo inayounyonya mwanga wake. Ufizi hupona, na kwa watu wengi rangi hurudi polepole katika miezi au miaka inayofuata. Mtu mzima akitaka kulipia hilo kama urembo, ni hiari yake. Kumwambia ni mgonjwa ili alipe ni ulaghai.

Doa jeusi jipya la upande mmoja, linalokua au kubadilika, ni habari nyingine. Hilo lipelekwe kwa daktari alitazame, pengine akate kipande kidogo kikapimwe, na lisichomwe kwa leza kabla ya hapo. Likishachomwa hakuna cha kupima.

"Leza huua vijidudu vyote na kutibu ugonjwa wa fizi bila kukwangua"

Utafiti wa 2015 ulikuta asilimia 98.1 ya watu wazima waliochunguzwa Kenya wana fizi zinazovuja damu. Soko la dai hili ni karibu nchi nzima.

Chanzo cha ugonjwa ni ukoga uliojificha chini ya ufizi, na ukoga ni lazima uondolewe kwa kukwanguliwa. Diodi ikiingizwa kwenye mfuko wa ufizi huchoma nyama iliyovimba na kupunguza vijidudu kwa muda, lakini ukoga uliogandamana na mzizi unabaki palepale, na vijidudu hurejea makazi yao. Mwaka 2018 chama cha mabingwa wa fizi cha Marekani kilipitia ushahidi uliokuwepo na kuona kwamba leza ikiongezwa juu ya ukwanguaji huleta nafuu ndogo, kwa kawaida chini ya milimita 1 ya kina cha mfuko. Kwenye mzizi wa jino ni hivyohivyo: dawa ya klorini inayomiminwa ndani ya mfereji ndiyo mfanyakazi mkuu, leza ni msaidizi.

Mahali leza inapostahili sifa ni pale inapotumika kama kisu. Kukata ufizi uliokua kupita kiasi, au kamba ya chini ya ulimi, kwa diodi au kaboni dioksidi huacha damu kidogo sana kwa sababu mishipa hufungwa papo hapo. Kwa mgonjwa anayemeza dawa za kuyeyusha damu, au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, hilo ni jambo la maana. Ajabu ni kwamba kipeperushi cha nguzo ya stima hakikulitaja.

"Mionzi ya leza huleta saratani"

Hili linatoka upande wa pili, kwa wanaoogopa. Bomet neno saratani si la kutajwa ovyo. Eneo hilo linajulikana kwa saratani ya umio, na Hospitali ya Tenwek imetibu wagonjwa wake kwa miaka mingi. Naelewa kwa nini mama akisikia "mionzi" anamvuta mtoto nyuma.

Lakini mwanga wa leza za meno hauna nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama mionzi ya eksirei. Hatari yake ni nyingine. Ya kwanza ni macho. Leza hizi ziko daraja la 4, la juu kabisa kwa hatari, na mwanga wa diodi hupita mboni hadi nyuma ya jicho bila wewe kuuona. Mgonjwa, daktari na msaidizi wote wavae miwani iliyotengenezwa kwa wimbi la leza hiyohiyo. Miwani ya jua haisaidii kitu. Ya pili ni moshi. Nyama inayoungua hutoa moshi ambao ndani yake kumewahi kupatikana chembe za virusi vya papiloma, kwa hiyo panahitajika barakoa nzuri na mpira wa kufyonza karibu na jeraha. Ukiona leza inawashwa na wewe umeachwa macho wazi, inuka kitini.

Tena kuna wagonjwa wa saratani ambao leza huwasaidia. Leza ya nguvu ndogo, isiyokata wala kuchoma, imo kwenye miongozo ya kimataifa ya kuzuia vidonda vya mdomo kwa wanaopata tiba ya mionzi ya kichwa na shingo. Na kama ni umio unaokutia hofu, tazama kikombe chako: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Chai ikipoa kidogo haipotezi utamu.

"Kliniki isiyo na leza imepitwa na wakati, na bila leza hakuna kuziba bila drili"

Kenya, kwa hesabu za utafiti uleule wa 2015, ilikuwa na daktari 1 wa meno kwa kila watu 42,000 hivi. Ukiwa Litein au Kapkoros, swali la kwanza si kama daktari ana leza. Ni kama yupo, na kama jina lake limo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua kwa simu yake. Mwenye leza asiyesajiliwa ni wa kuogopwa kuliko aliyesajiliwa mwenye drili.

Sehemu ya pili ya dai ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa sababu njia ya kuziba jino bila drili, mara nyingi bila sindano, tena bila umeme, ilianzia jirani. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuondoa uozo laini kwa vifaa vya mkono peke yake, kisha kulijaza tundu kwa saruji inayonata kwenye jino na kutoa floridi. Njia hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama ART, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, na imetumika katika nchi nyingi, kwenye shule na zahanati. Inafaa zaidi kwa tundu la uso mmoja wa jino. Tundu pana linalokula ubavu na juu kwa pamoja halidumu hivyo kwa saruji hii.

Kuna pia dawa ya floridi yenye fedha, inayopakwa kwa brashi ndogo kwa dakika chache na kuusimamisha uozo ulipofika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na saruji ile na dawa ya meno yenye floridi. Kwa mtoto wa miaka 4 mwenye meno ya utoto yaliyooza, anayelia akiona koti jeupe, hakuna leza inayomfaa kuliko tone hilo. Kasoro yake ni moja: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi kabisa na kubaki hivyo hadi jino litoke, na mzazi anapaswa kuambiwa hilo kabla brashi haijagusa jino.